Mashine si dawa ya ukungu wa nta

Najua utauliza: mambo ya kompyuta na nta ya gari wapi na wapi? Ngoja kidogo, utaona. Kazi yangu ni kuandika programu, na siku nzima nakaa na watu wanaotaka kumaliza tatizo dogo kwa kifaa kikubwa. Jumamosi nikitoka nje ya geti nawakuta wengine wakifanya vivyo hivyo, ila wao wanafanyia rangi ya gari. Tofauti ni kwamba sisi wa kompyuta huwa na nakala ya akiba. Rangi ya gari haina.

Tatizo lenyewe unalijua. Gari limeoshwa, likapakwa nta saa saba mchana jua likiwa utosini, nta ikaachwa ikauke. Ikifutwa, haitoki. Gari jeusi linabaki na ukungu mweupe, mistari mistari kama ubao wa darasa uliofutwa vibaya, na kwenye plastiki za pembeni kuna madoa ya maziwa. Mwenye gari anakunja uso. Hapo ndipo mtu anasema, "Leteni mashine."

Maoni yangu, na niko tayari kuyatetea: mashine ya kung'arishia isiwe kifaa cha kwanza cha kuondoa mabaki ya nta. Mara nyingi haihitajiki kabisa. Na pale inapohitajika, watu wengi wanatumia mashine isiyofaa, sponji isiyofaa na dawa isiyofaa. Sababu zangu ni hizi.

Tuanze na rangi. Gari la siku hizi halina rangi moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, halafu rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa kuna vanishi isiyo na rangi yoyote. Hiyo vanishi ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayobeba kemikali za kukinga miale mikali ya jua isichome rangi iliyo chini. Tabaka zote kwa pamoja, kama gari limetoka kiwandani, ni kama mikroni 100 hadi 150. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Kwa hiyo kinga yote ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Sasa fikiria mashine yenye dawa ya chenga chenga inafanya nini. Haipaki kitu. Inakwaruza. Inasaga vanishi kidogo kidogo mpaka mikwaruzo yote iwe midogo kiasi kwamba jicho halioni, ndipo unaona mng'ao. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme vanishi ina mikroni 40 na kila ung'arishaji mzito unaondoa mikroni 3. Ukipiga mashine mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitatu umeondoa mikroni 18. Karibu nusu ya kinga imekwenda, na gari bado linaonekana zuri. Hilo ndilo linalonitisha. Hitilafu mbaya kuliko zote katika programu ni ile isiyotoa ujumbe wowote siku inapoanza. Unaiona baada ya miaka, vanishi inapoanza kubabuka kwenye paa na boneti kama ngozi iliyoungua, na wakati huo dawa pekee ni kupaka rangi upya.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Nairobi iko karibu na ikweta, tena kwenye mwinuko wa kama mita 1,700. Kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo ya jua huongezeka kwa kama asilimia 10. Halafu magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika. Sheria yetu inaruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake unanunua rangi ambayo tayari imeoshwa, imeanikwa na pengine imeng'arishwa na watu usiowajua, ikapigwa mashine tena kabla ya kuuzwa ili ipendeze macho. Hujui zimebaki mikroni ngapi. Ni kama kupewa kompyuta ya watu ambayo diski yake imebakiza nafasi kidogo, na hakuna mahali pa kuangalia ni kidogo kiasi gani, isipokuwa uwe na kile kipimo cha unene wa rangi ambacho mafundi wengi hawana.

Tuje kwenye nta. Wako wanaoamini kwamba nta iliyokaukia juani "imeungua" ikaingia ndani ya rangi, kwa hiyo lazima isagwe. Si kweli. Nta maarufu ya magari, karnauba, inatoka kwenye majani ya mchikichi fulani wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na ni ngumu kuliko nta nyingine za asili. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Bodi nyeusi iliyoachwa juani inaweza kupita nyuzi 60, basi nta haijaungua. Kilichotokea ni kwamba ndani ya kopo nta huchanganywa na vimumunyishaji na mafuta ili ipakike. Jua likiwa kali, vimumunyishaji vinaruka haraka, nta inabaki imeganda juu ya vanishi kabla hujaifikia na kitambaa. Ikiwa umepaka nene, mambo yanaharibika zaidi. Lakini iko juu. Haijaingia popote. Na kitu kilichogandishwa kwa kukosa kimumunyishaji hulainishwa kwa kukirudishia kimumunyishaji. Haina haja ya kusaga chochote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa sisi tunabomoa ukuta kwa sababu una vumbi.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha tatizo ni lipi. Mtunzi wa programu anayerekebisha hitilafu ambayo hajaithibitisha anaongeza hitilafu ya pili. Weupe kwenye rangi unaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Unaweza kuwa nta. Unaweza kuwa chumvi za maji, hasa kama gari linaoshwa kwa maji ya kisima na kuachwa likauke lenyewe. Au unaweza kuwa vanishi yenyewe iliyochakaa au iliyojaa mikwaruzo midogo. Vitu vitatu, dawa tatu.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua ile spiriti ya isopropili tunayosafishia bodi za kompyuta. Ikiwa ni ya asilimia 70, changanya kipimo kimoja na vipimo viwili vya maji. Kaa kivulini, mbali na moto, bodi ikiwa baridi. Futa sehemu ndogo kama kiganja kwa kitambaa safi, kisha ngoja ikauke. Weupe ukitoweka na usirudi, ilikuwa nta. Ukibaki madoa yenye umbo la matone, jaribu siki iliyochanganywa na maji, acha kidogo, suuza vizuri. Yakitoka, ilikuwa chumvi ya maji. Ukitoweka ikiwa mbichi na kurudi ikikauka, hapo tatizo ni rangi yenyewe, na hapo ndipo mazungumzo ya mashine yanaweza kuanza. Jaribio zima ni dakika tano. Sijawahi kuona mtu akilifanya kabla ya kuwasha mashine.

Kama ni nta, nafuata ngazi hii, na sipandi ngazi ya pili mpaka ya kwanza ishindwe:

Kwanza, gari liingie kivulini lipoe. Ukiweka mkono kwenye boneti usihisi joto. Nusu ya matatizo yanaishia hapa.

Pili, kitambaa safi cha mikrofaiba, kikiwa na unyevu kidogo tu, halafu kingine kikavu. Kigeuze kila mara. Kitambaa kilichojaa nta hakiondoi nta, kinaihamisha kutoka mlango huu kwenda mlango ule.

Tatu, dawa ya kupuliza ya kumalizia, ile ya kufutia vumbi na alama za vidole. Inalainisha na kutelezesha ili usikwaruze.

Nne, na hili huwashangaza watu: paka nta ileile tena, nyembamba sana, sehemu ndogo ndogo, ukifuta papo hapo. Vimumunyishaji vya nta mpya hulainisha ile ya zamani na vyote viwili vinatoka pamoja.

Tano, ile spiriti iliyochanganywa. Hii inaondoa nta yote, kwa hiyo utapaka upya baadaye. Lakini vanishi hujaipunguza hata mikroni moja.

Kwa plastiki nyeusi zenye vinyweleo, brashi laini na sabuni ya kusafishia vitu vyote, au spiriti hiyohiyo. Mashine hapo haina kazi kabisa. Inasukuma nta ndani ya vinyweleo na inaweza kuikwangua plastiki yenyewe.

Sita, na ya mwisho, mashine. Naam, sijasema itupwe. Lakini ipi, na kwa namna gani?

Mashine ziko za aina mbili. Ya kwanza sponji yake huzunguka kwenye mhimili mmoja tu, kwa nguvu, mizunguko kama 600 hadi 3,000 kwa dakika. Ya pili sponji hutikisika kwa duara dogo, milimita 8 au 15 au 21, huku ikizunguka kwa hiari yake. Ukiikandamiza sana hii ya pili, inaacha kuzunguka. Ndiyo sababu joto halikusanyiki upesi mahali pamoja na ni vigumu kuunguza rangi nayo. Ile ya kwanza haiachi. Ukiikandamiza inazidi kuchoma, na ukisimama sekunde chache mahali pamoja, hasa kwenye kona na kingo ambako rangi ni nyembamba, unafika kwenye rangi ya msingi.

Kwa wale wanaopenda namba: sponji ya milimita 180 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kama kilomita 51 kwa saa. Hiyo ni mashine halali ya kung'arishia. Sasa nimewahi kuona grainda, ile ya kukatia vyuma, imefungwa sponji na kuitwa mashine ya kung'arishia. Grainda ya milimita 125 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda kama kilomita 259 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari la mashindano juu ya kitu chembamba kuliko unywele. Tena grainda nyingi hazina hata swichi ya kupunguza mwendo.

Basi kama umefika ngazi ya sita, tumia ile ya kutikisika, mwendo mdogo, sponji laini kuliko zote au kofia ya mikrofaiba, safi, bila dawa yoyote ya kusaga. Usiamini rangi ya sponji: ile nyeusi ambayo kampuni moja inaita laini, nyingine inaweza kuiita kitu kingine, maana hakuna kanuni moja ya rangi hizo. Ibonyeze kwa kidole. Acha uzito wa mashine ufanye kazi. Ikitumika hivi ni kitambaa chenye injini, na sina ugomvi nayo. Ninayoipinga ni ile sufu na dawa nzito inayoletwa kwa ajili ya ukungu ambao kitambaa chenye unyevu kingeuondoa.

Kuna kesi moja ambayo sheria yangu inabadilika, na ni haki niiseme. Siku hizi wengi wanapaka seramiki badala ya nta. Hiyo ikigandia vibaya na kuachwa kwa masaa, inashika kweli kweli, na spiriti haiitoi. Mara nyingi inabidi isagwe kidogo kwa mashine ya kutikisika na dawa nyepesi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyepaka liwe: ulipaka nini? Kama hajui, soma kopo. Kama kopo limetupwa, rudi kwenye lile jaribio la kiganja.

Nimesikia hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni muda. "Wewe una wikendi nzima, sisi tuna foleni ya magari." Nakubali muda ni pesa. Lakini hesabu vizuri. Kutoa mashine, kutafuta waya wa umeme, kubandika karatasi kwenye kingo na raba, kupiga, kufuta vumbi la dawa lililorukia kila mahali, kisha kupaka nta tena kwa sababu umeisaga yote. Kufuta kwa kitambaa na dawa ya kupuliza hakuchukui muda mrefu kuliko huo. Kinachookolewa na mashine ni jasho, si saa. Hoja ya pili ni kwamba gari linatoka linang'aa kuliko lilivyoingia, na mteja anafurahi. Kweli, anafurahi. Hata programu inayofuta data ya zamani bila kuuliza huenda haraka sana wiki ya kwanza.

Lakini kilichonifanya niandike leo si mikroni. Ni suala la nani analipa.

Jirani yangu ana gari jeusi dogo, la kuendea kazini. Lilipakwa nta juani, likabaki na ukungu, ikaletwa mashine ya mzunguko mmoja yenye sufu. Aliyepewa aishike ni kijana wa pale pa kuoshea magari ambaye hakuna aliyemfundisha. Aliambiwa tu, "Piga mpaka ing'ae." Ikang'aa. Asubuhi kwenye jua kila mlango ulikuwa na duara za mwanga kama utando wa buibui, na kwenye ukingo wa buti rangi ya msingi ilikuwa imetokeza, kijivu, urefu wa kidole. Jirani alirudi kudai haki yake, na haki yake alikuwa nayo. Mwenye kazi hakubishana. Alikata mshahara wa yule kijana. Aliyemwambia atumie mashine hakukatwa kitu, na aliyepaka nta saa saba mchana pia hakukatwa kitu.

Katika ofisi za programu tumeliona hili mara nyingi. Mgeni wa kazi anapewa neno la siri la hifadhidata yenyewe, ile ya wateja, siku ya pili tangu aajiriwe. Akifuta jedwali, anafukuzwa yeye. Lakini kosa halikuwa kidole chake. Kosa lilikuwa kumpa mtu asiyefundishwa kitu kisichoweza kutenduliwa, bila kizuizi katikati. Ofisi zenye akili zimejifunza kutouliza "nani alifuta?" kabla ya kuuliza "kwa nini iliwezekana kufuta?" Naomba swali hilohilo lifike pale tunapooshea magari.

Kwa hiyo kwa wenye biashara hizo: mashine ya mzunguko mmoja ikae kabatini yenye kufuli, na ishikwe na mtu aliyefanyia mazoezi kwenye boneti kuukuu za kutoka kwa wauza vyuma, si kwenye gari la mteja. Mpe kijana vitambaa vingi safi na chupa ya dawa ya kupuliza. Bei yake ni ndogo kuliko bampa moja ya kupakwa upya. Na nta isipakwe juani. Hilo halihitaji hata shilingi.

Kwa wenye magari: ukiona ukungu, usiagize mashine. Uliza kimepakwa nini, taka lile jaribio la kiganja, na kataa kabisa grainda. Kumbuka pia siku ya kuuza. Mnunuzi mjanja huja na kipimo cha rangi au hata sumaku iliyofungwa kitambaa. Sehemu iliyopakwa rangi upya huwa nene kuliko ya kiwandani, na yeye hatajua kwamba chanzo kilikuwa nta. Atadhani gari liligongwa, na bei itashuka hapohapo. Utamweleza nini?

Haya basi, Jumamosi njema. Wiki ijayo narudi kwenye kompyuta.